Lubumbashi: Mvula inafukuzwa kwenye parseli, halafu bustani zinalilia maji

Kila mwaka, mvula kubwa zinapoanza mwezi wa kumi na moja, mambo ni yaleyale. Katika Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, watu wanatoka na jembe na kutoboa njia chini ya ukuta ili maji yaende upesi kwenye avenyu. Maji yanakimbia na udongo mwekundu, yanajaza kanivo ambazo plastiki zimekwisha kuziba, na mwisho yanaingia kwa jirani anayekaa chini. Kisha mwezi wa saba unafika. Katika parseli ileile, mama anabeba bidoni kichwani ili anyweshe mistari miwili ya lengalenga.

Parseli iliyofukuza maji ndiyo inayoyatafuta. Hilo linaweza kubadilika kwa jembe na siku mbili za kazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 za mvula kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa ine. Nyumba yenye paa la mabati la mita 5 kwa 6, siku ya mvula ya milimita 20, inateremsha lita 600. Hizo ni bidoni 30 za lita 20. Hakuna mama anayeweza kumwaga bidoni 30 barabarani kwa mkono wake. Lakini paa lake linafanya hivyo, na hakuna anayelizuia.

Mambo haya yanahusu sahani ya bukari. Mji huu unategemea sana mahindi na unga kutoka Zambia. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, raisi wa Zambia Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mahindi yakikosekana kule, jiko la Lubumbashi linajua upesi. Familia zilizokimbia vita, ziwe zimetoka Mitwaba na Pweto ao zimetoka Kivu, ndizo zinazoumia mbele ya wengine, kwa sababu ziliacha mashamba yao nyuma. Bustani ndogo haiwezi kutoa unga wa mwaka. Inaweza kutoa mboga, na pesa ya mboga inabaki kwa kununua unga.

Dawa inayosemwa hapa ni mtaro wa kushika maji. Usichanganywe na kanivo. Kanivo inateremka ili maji yaondoke, lakini mtaro huu unalala sawasawa, unakata mteremko, ili maji yasimame na kuingia polepole ndani ya udongo. Wengi waliotoka milima ya Kivu wanaijua kazi hii, maana huko mitaro inachimbwa ili udongo usiteremke. Machakos, inchi ya Kenya, wakulima wanajulikana kwa matuta ya "fanya juu", ambapo udongo unatupwa upande wa juu. Kwa bustani ya nyumbani inafaa zaidi "fanya chini": udongo unatupwa upande wa chini na kuwa tuta.

Ili kupata mstari ulio sawa, miti mitatu inafungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia toka juu. Kamba ikipita katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko sawa, na kijiti kinapigwa chini ya kila mguu. Kisha unachimbwa mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40. Mtaro wa mita 6 unaweza kushika karibu lita 1,200, ni kusema maji ya paa lile mara mbili. Juu ya tuta wanapanda matembele, kwa sababu yanafunika udongo, ao sitroneli, ambayo mizizi yake inaushika. Chini ya tuta wanaweka lengalenga, na kwenye mwisho wa mtaro mgomba ao mpapai. Mwisho huo pia unaachiwa mlango mdogo wenye mawe, ili mvula kali ikipita kipimo isivunje tuta.

Kuna wanaokataa, na sababu zao si za bure. Wanasema mtaro utazaa mbu. Yai la mbu linahitaji karibu juma moja ao zaidi kabla ya kuwa mbu anayeruka. Mtaro mzuri unakauka ndani ya siku moja ao mbili. Basi shimo la kujaribu lichimbwe kwanza na kujazwa maji: yakibaki siku tatu, pale si mahali pa mtaro. Pembeni ya dembo, ambako maji yako karibu na uso wa udongo, kazi hii iachwe. Iachwe pia karibu na choo, kisima ao ukuta wa matofali mabichi, maana maji yatalainisha msingi.

Neno lingine ni zito zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi Lubumbashi mwaka 1911, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kobalti, kadimiumu na risasi katika udongo na mboga za sehemu fulani za mji. Kwa hiyo mtaro upokee maji ya paa na ya uwanja wa nyumba, si maji ya barabara ya malori ya migodi. Na mahali moshi wa kiwanda ulikuwa unaangukia, mtaro hausafishi udongo.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko mbu ni karatasi. Familia ya wakimbizi inapanga nyumba, inalipa garanti, na haijui kama itakuwa pale mwezi wa tatu. Nani atachimba mita 6 ili bayeri aje avune? Hapa mabayeri wanapaswa kusikia. Mtaro unabaki katika parseli yao, udongo wao haukimbii tena, na ukuta wao unaacha kutobolewa. Haki ni kumwandikia mpangaji, mbele ya shefu wa kartie, kwamba alichopanda atakivuna, hata kama nyumba inarudishwa. Karatasi hiyo moja inaweza kuamsha majembe mengi kuliko hotuba.

Mashefu wa kartie nao wanaitisha salongo kusafisha kanivo. Hiyo ni kazi njema, lakini inaanzia kwenye mwisho wa maji. Kanivo inapokea kile ambacho kila parseli inatupa. Salongo moja kabla ya mvula ingeweza kuanzia juu ya avenyu, ndani ya parseli za wale wanaokubali. Jirani wa chini ndiye atakuwa wa kwanza kuona tofauti.

Mvula haiombi malipo, na haimuulizi mtu alikotoka. Ikikuta mtaro umechimbwa, itabaki.