Rudisheni Picha za Watu

Siku hizi kila mtu ana kamera ya filamu. Wasee wanatoka Nairobi na roli mbili za nyeusi-na-nyeupe, wanashuka Isiolo mjini, wanapanda boda mpaka huku kwetu Leparua. Ukiwauliza wanafanya nini: "Tunajaribu tu." Sawa, jaribuni. Lakini mnajaribia nyuso za nani?

Mimi pia napiga filamu, hapa hapa mtaani, kwa hivyo shida yangu si kamera. Naipenda nyeusi-na-nyeupe kwa sababu inazima ile shuka nyekundu. Broshua za utalii zimetuuza kwa rangi miaka mingi: shuka, shanga, kifaru kwa nyuma. Kwenye filamu hii nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile, na mtazamaji akikosa rangi ya kushangaa inabidi amwangalie mwenye uso.

Lakini mikononi mwa mvivu, filamu hiyo hiyo inamrudisha mtu nyuma karne nzima. Unakwepa sola iliyo juu ya paa, unaikata boda, unamwambia kijana afiche simu, halafu unaandika chini yake "Kaskazini isiyobadilika". Isiyobadilika wapi, na huyo kijana ametoka kutuma M-Pesa sasa hivi?

Kinachonikera kabisa ni kinachofuata. Roli ina picha 36. Zinaoshwa Nairobi, zinapitishwa kwenye skana, zinapata laiki, nyingine zinauzwa. Nyanya aliyesimama juani mkitafuta mwanga hapati hata moja. Ingia kwake: picha ya pekee ya nyeusi-na-nyeupe aliyo nayo ni ya kitambulisho, na hiyo alipigwa na serikali.

Msiniambie ndivyo sanaa ilivyo. Omar Said Bakor alikuwa na studio Lamu. Alijaribu mambo mengi kuliko sisi sote, anaunganisha picha mbili zinakuwa moja, na hakuna aliyemfundisha kwenye YouTube. Ila watu walienda kwake wenyewe, wamevaa walivyotaka, wakalipa, wakaondoka na picha zao. Majaribio yake yaliishia nyumbani kwa mwenye sura.

Na filamu haikupi kisingizio. Simu ikiibiwa unaweza kusema picha zimeenda. Negativu iko kwenye bahasha. Unaweza kuchapa kesho, unaweza kuchapa baada ya miaka 20. Nauli ya boda mliipata mkija kupiga. Ya kurudisha imekuwa ngumu?

Mimi zangu nachapa ndogo ndogo, saizi ya postikadi, nazipeleka boma kwa boma. Na ukirudisha, jiandae kusikia maoni, maana sasa mwenye picha ana la kusema. Mzee mmoja aliiangalia yake muda mrefu, akanirudishia. Hakuitaka bila mbuzi wake mweupe. Na hiyo shati, akasema, ni ya kazi. Nije Jumamosi.

Jumamosi nilimkuta amevaa koti la suti, na mbuzi ameoshwa.