Nyimbo zinazofika Masisi

Wiki tatu zilizopita tulitoa orodha ya nyimbo 12 za muziki wa elektroniki, zile za kuchezea. House, tekno, amapiano, na vitu vingine vya Kinshasa na Dar es Salaam. Tulijisifu kidogo, tusidanganye. Watu wa Goma wakatushukuru, wa Bukavu wakabishana (hao hawakosi), na wengine wakatuma zao.

Kisha kukaja ujumbe mmoja wa sauti kutoka upande wa Nyabiondo, ndani ya Masisi. Kijana alikuwa amepanda kilima juu ya kutafuta rezo. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu hadi tukarudia kusikiliza mara tatu. Alisema: «Bayaya, aksanti kwa ile orodha. Sasa huku tuisikilize na nini?»

Hatukuwa na jibu. Kila wimbo tuliopendekeza ulikuwa ni kiungo cha kubonyeza. Ukibonyeza, unahitaji mega. Mega inahitaji rezo, na rezo inahitaji antena ambayo bado imesimama. Zile nyimbo za kununua ndizo mbaya zaidi: zinataka kadi ya benki, na mabenki ya Goma yenyewe yalifunga milango mwanzo wa 2025. Tulikuwa tumewaandikia watu wa mjini, halafu juu kabisa tukaweka maneno «kwa vijana wa Kivu». Tunakubali kosa. Njo maana ya maandishi haya.

Huko Masisi na Walikale muziki unatembea kwa mkono, na kila aliyekulia huko anajua vile inafanyika. Siku ya soko kuna kijana mwenye kompyuta moja na grupe ndogo, au betri na pano ya jua. Unamuletea kadi ya memori, unamulipa kidogo, anakujazia. Ukitoka hapo unamupa mwenzako kwa Bluetooth au kwa Xender, bila kutumia hata mega moja. Motari anabeba kadi yake, dereva wa lori anabeba ya kwake, muuza simu anabeba kumi. Kile yule kijana wa soko alinakili wiki hii ndicho watu watacheza kwenye harusi, kwenye buveti, kwenye kambi ya wachimbaji, mpaka atakapopata kitu kipya. Sisi tunadhani kazi ya kupendekeza muziki ni ya wenye simu kubwa mjini, kumbe yeye anaifanya siku zote na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anapenda nini.

Na hiyo njia si ya watu waliobaki nyuma. Gqom ya Durban ilianza hivyo: vijana wa vitongoji walitengeneza kwenye kompyuta za nyumbani, wakapeana kwa WhatsApp, wakawapa madereva wa teksi wapige kwa nguvu barabarani. Redio zilikuja nyuma. Singeli ya Dar es Salaam nayo ilizaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za mtaani, na watu wenye kompyuta kuukuu na programu ya kawaida. Ilikuwa inachezwa miaka mingi kabla ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo wa studio ya Sisso mwaka 2017, ndipo Ulaya ikashtuka. Hata ukirudi mbali zaidi, house ilitoka kwa vijana weusi wa Chicago na tekno kwa vijana weusi wa Detroit, mji ambao viwanda vyake vilikuwa vinafungwa. Mtu akikwambia muziki wa elektroniki ni wa wazungu wa Ibiza, mwache aende Ibiza.

Sasa, orodha mpya. Safari hii tulianza na swali ambalo lingekuwa la kwanza tangu mwanzo: mtu atasikilizia nini?

Wengi watasikilizia spika ndogo ya simu ya bei ndogo. Hiyo spika haijui besi. Chukua wimbo wa amapiano unaotingisha ukuta wa nganda ya Birere, uweke kwenye simu hiyo: ule mlio wa chini unaobeba wimbo wote unapotea, kunabaki kijikelele cha juu na mtu anayeongea peke yake. Tekno nyingi za Berlin ni hivyo hivyo. Tulizijaribu nyingi kwenye simu ya vibonye, mmoja wetu akacheka akasema ni kama kula fufu ya picha. Tumezitoa karibu zote. Amapiano haihitaji mapendekezo yetu kwa vyovyote, ilishafika kila mahali penye bafle.

Singeli inabaki. Inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, sauti zake ziko juu, zinakwaruza, na simu ndogo inazipenda. Maneno ni Kiswahili, hata kama sisi wa Kivu tunakamata nusu. Tafuteni ule mkusanyo wa Sisso wa 2017, na kazi za Jay Mitta, Bamba Pana na MCZO. Kusema ukweli si muziki wa kusikiliza umekaa. Wakubwa wa nyumbani watakasirika.

Konono N°1 wa Kinshasa wanabaki, na kwetu wao ni wa kwanza. Mzee Mawangu Mingiedi alianzisha hilo kundi miaka ya 1960, akiwa na likembe za muziki wa matanga na sherehe za Wazombo wa mpaka wa Angola. Kinshasa ilikuwa na kelele, likembe haisikiki. Akatumia sumaku za vyuma vya gari zilizochakaa kutengeneza vikamata sauti, akaunganisha na amplifaya na pembe za kutangazia za wakati wa mkoloni. Ikatoka sauti iliyopasuka, nzito, isiyoisha. Albamu yao Congotronics ilitoka 2004, na wapenzi wa tekno wa Ulaya wakasema wamepata ndugu. Mzee alifariki 2015. Weka Konono kwenye spika mbovu uone: haipotezi kitu, kwa sababu ilitengenezwa na spika mbovu.

Kutoka hapo kuna wajukuu. KOKOKO! wa Kinshasa wanapigia vyombo vya chupa, makopo na vyuma, albamu yao Fongola ni ya 2019 na Butu ni ya 2024. Butu ndiyo ya usiku, kama jina linavyosema kwa Kilingala. Fulu Miziki nao wanaokota vyombo vyao kwenye takataka. Rey Sapienz, Mkongo aliyefanyia kazi Kampala, alitoa Na Zala Zala mwaka 2021 na kundi lake. Ni nyeusi, ya polepole kiasi, si wote kati yetu wanaipenda. Tulipiga kura, ikapita kwa sauti moja.

Tuseme kitu kingine ambacho hakiwezi kukaa pembeni. Kila chombo kinachotengeneza muziki huu, kompyuta, simu, kinanda cha umeme, meza ya DJ, kimeunganishwa ndani kwa bati, na vingi vina vile vidude vidogo vya tantali vinavyotunza umeme. Tantali ni koltani. Inakadiriwa kwamba Rubaya, hapo Masisi, inatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Bati ni kasiteriti. Bisie, hapo Walikale, inatoa kama asilimia 6 ya bati ya dunia. Vita ilipokaribia mwezi wa 3 mwaka 2025, mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi na bei ya bati ikapanda London. Kwa hiyo Walikale inasikika kwenye kila sakafu ya kuchezea duniani, ni watu wake tu hawasikiki. Mchimbaji wa Rubaya anashuka shimoni bila kofia, mvua ikinyesha udongo unaporomoka, na jioni anakosa mega ya kusikiliza wimbo mmoja uliopigwa kwenye mashine yenye jasho lake. Tukisema kupendekezeana muziki ni jambo la siasa, hatutii chumvi.

Kuna ambao watatuuliza, na tayari wazee wawili walituuliza: mnazungumza ngoma wakati watu wanazikwa? Ni swali zuri, na hatuna jibu la kulimaliza. Tunajua tu kwamba watu wa Masisi hawakungoja ruhusa yetu. Wanakesha kwenye matanga na nyimbo. Wanaoza watoto wao kati ya kukimbia na kukimbia. Mwezi wa 2 mwaka 2014, wakati Goma ilikuwa imetoka tu kwenye vita, Festival Amani ya kwanza ilifanyika hapa na umati ukaja. Wengi wetu tulikuwa wadogo, tulibebwa mabegani. Hakuna aliyesahau wafu wake siku hizo tatu. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni idadi ya waliohamishwa ana haki ya kuulizwa pia anapenda kucheza nini.

Lakini kuna jambo la hatari, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kadi inapita vizuizini. Simu zinafunguliwa, zinapekuliwa. Wimbo wenye maneno unaweza kugeuka ushahidi mkononi mwa mtu asiyejua hata vile uliingia kwenye simu yake. Mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi hapa Goma tarehe 13 mwezi wa 2 mwaka 2025, na kila kijana wa Kivu anakumbuka siku ile. Kwa hiyo kwenye kadi za kwenda Masisi na Walikale: nyimbo za kucheza peke yake. Musiweke nyimbo za kutaja majina ya wakubwa, wa upande wowote. Musiweke matangazo yetu. Musiweke jina letu wala alama yetu, hata kwenye folda. Inatuuma kuandika hivyo, maana tungependa ijulikane nani alituma. Ila anayebeba ni mtoto wa mtu. Muziki usio na maneno una faida hiyo moja kubwa: askari hana cha kukuuliza isipokuwa kama unajua kucheza.

Upande wa kazi yenyewe, mambo ni machache. Faili la wimbo wa dakika sita, ukilipunguza hadi kilobiti 128, linachukua kama mega 6. Kadi ya giga 8 inabeba zaidi ya nyimbo elfu moja hivyo. Musitume mafaili makubwa mkidhani mnawapa ubora, spika ile haitauona. Na jina la faili liandikeni kamili: nani ameimba au kupiga, wimbo gani, mji gani, mwaka gani. Wimbo ukiitwa «Track 07» unafika Mubi ukiwa yatima, na aliyeutengeneza hatajulikana tena. Walio Nairobi, Kampala, Brussels au Montreal, ninyi mnaweza kununua: nunueni nakala halali, msanii apate chake. Tumeanza pia kuwaandikia wasanii kuwaomba ruhusa ya kugawa bure huko kusikofika malipo. Wawili wamekubali. Mmoja amekataa, na wimbo wake hatuuweki.

Kingine ni kinyume cha yote hayo. Kadi ikienda, irudi imejaa. Tunataka kusikia kile kijana wa soko la Walikale anapenda, kile kinachopigwa Mweso usiku wa harusi, na kile ambacho watu wanatengeneza wenyewe kwenye simu, maana wapo. Hatutachagua kwa ajili yao mara ya pili.

Kadi ya kwanza iliondoka Jumamosi. Njia hatuisemi. Yule kijana wa Nyabiondo alipoambiwa, hakusubiri ifike: alipanda tena kilima chake akatutumia sauti ya sekunde 40. Amerekodi chepe na chujio la madini likipigwa majini, akakata, akarudia, akaweka ngoma ya programu ya bure chini yake. Ina makosa mawili ya mapigo, tumemwambia, naye amesema anajua. Ndiyo namba 1 kwenye orodha mpya. Jina la wimbo bado hajatupa.