Mbwa wa Miguu Mitatu
Mbwa aliyekatwa mguu, iwe ni kwa kugongwa na gari au kwa saratani ya mifupa, kwa kawaida huanza kutembea tena ndani ya siku chache, lakini wepesi huo usimhadae anayemfuga, kwa kuwa miguu iliyobaki hubeba mzigo wa ule usiokuwepo na huweza kupata yabisi, yaani ugonjwa wa kuvimba na kukakamaa kwa viungo. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa, ndiyo maana aliyepoteza mmojawapo hutaabika zaidi, hasa anaposhuka ngazi. Adui mkubwa ni unene: mbavu zake zapaswa kuhisika kirahisi zinapopapaswa, na tonge la ugali la ziada analotupiwa kwa huruma humwongezea mateso. Sakafu ya vigae itandikwe mikeka isiyoteleza, kucha zipunguzwe kabla hazijaanza kugonga sakafu, na matembezi yawe mafupi ya mara kwa mara. Akianza kulambalamba kiungo kimoja au kusita kuinuka, huenda ana maumivu. Hapo apelekwe kwa daktari wa mifugo, wala asipewe ibuprofeni ya binadamu, ambayo hudhuru tumbo na figo zake.