Maoni: Viini 14 kwa bei ya viini 6? Vijana wa Bukavu waangalie mbele ya kununua mashini za seva

Siku hizi ukipita kwenye maduka ya mashini pale Nyawera, ao ukisoma matangazo yanayozunguka kwenye WhatsApp, utakutana na maneno yale yale: «Xeon, viini 14, RAM 32, michezo yote inaenda, montaji yote inaenda.» Bei: dola 350. Pembeni kuna kompyuta nyingine ndogo, Core i5 yenye viini 6, nayo inauzwa dola 430. Kijana anayetafuta kufungua chumba cha michezo ao studio ya video anafanya hesabu ya haraka: 14 ni zaidi ya 6, na 350 ni chini ya 430. Anabeba ile kubwa.

Mimi pia nilifanya hesabu hiyo, miaka miwili iliyopita. Feza haikuwa yangu yote. Nusu ilitoka katika AVEC ya mama yangu mdogo, na kila mtu wa hapa kwetu anajua namna wamama wa AVEC wanavyofuata deni. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nahitaji mashini ya kufanya montaji ya video za ndoa, na jioni watoto wa mtaa wacheze mpira kwenye skrini kwa kulipa kidogo. Muuzaji aliniambia: «Mukubwa, beba hii. Ni ya seva, haiwezi kukushinda.» Sitamutaja, sababu hakunidanganya hata neno moja. Ndani mulikuwa kweli prosesa ya Xeon E5-2680 v4, ambayo Intel iliitoa mwaka wa 2016, yenye viini 14 na nyuzi 28. Ilipokuwa mpya, kampuni iliiuza kwa bei ya dola 1 745. Ni chipu nzuri. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa kazi isiyokuwa yangu.

Seva inafanya nini? Inahudumia watu wengi kwa wakati mmoja: huyu anaangalia hesabu yake ya benki, yule anafungua barua, mwingine anatafuta jina kwenye orodha. Kila mmoja anaomba kitu kidogo. Kwa kazi ya namna hiyo unahitaji watumishi wengi, hata kama kila mmoja anatembea polepole. Tena seva zinapangwa moja juu ya nyingine ndani ya chumba, zinawaka usiku na mchana, kwa hiyo mutengenezaji anapunguza mwendo ili joto lisizidi. Ndiyo sababu Xeon hiyo inaanzia gigaherzi 2.4, na hata ikijikaza haipiti 3.3.

Mchezo ni kitu kingine. Ili picha zisikwame, mashini inapaswa kutoa picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha inapewa milisekunde 16 tu na kitu. Ndani ya muda huo kuna kazi moja kubwa inayopaswa kufuatana, hatua moja kisha nyingine: kusoma kidole cha mchezaji, kupeleka mpira, kuamua beki anakimbia wapi, kisha kuiambia kadi ya picha ichore nini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haigawanyiki. Ni kama kupika sombe. Mikono mingi inaweza kuchuma na kutwanga majani upesi, lakini sufuria ni moja, na moto ukiwa mdogo wale wote waliotwanga watakaa kando wakingoja. Katika michezo mingi, viini vyangu vinane ao kumi vilikuwa vinakaa kando wakati kimoja kinatoka jasho.

Sasa tuangalie ile kompyuta ndogo niliyoidharau. Core i5-12400 ilitoka Januari 2022. Viini vyake 6 vinafika gigaherzi 4.4, na tofauti haiko kwenye gigaherzi tu: kwa kila pigo moja, kiini cha 2022 kinamaliza kazi nyingi kuliko kiini cha 2016. Ukipima kiini kimoja kwa kimoja, i5 inaishinda Xeon yangu karibu mara mbili. Na hili ndilo liliniumiza nilipolijua: hata ukiwasha viini vyote pamoja, 6 dhidi ya 14, matokeo ya jumla yanakaribiana. Vile viini nane vya ziada nilivyokuwa najivunia mbele ya marafiki vilikuwa vinanifikisha pale pale.

Wengine watasema: sawa, lakini ni bei rahisi. Kwa siku ya kununua, ndiyo. Baadaye inakuja hesabu ya umeme, na hapo ndipo mtu wa Bukavu hawezi kusoma ushauri wa watu wa Ulaya kama vile ulivyo. Wale wanaosifu Xeon za zamani kwenye YouTube wana umeme saa 24. Sisi tuna delestaji. Umeme wa Ruzizi haututoshi, na unapokuja mara nyingi unakuja dhaifu. Saa nyingine zote tunaishi kwa betri na konvertisere, ao kwa jenereta.

Xeon hiyo imeandikiwa wati 120, i5 imeandikiwa 65. Namba hizo hazisemi kila kitu, prosesa inaweza kuzipita kwa muda ao kubaki chini yake, lakini zinaonyesha njia. Tufanye hesabu ya chumba cha michezo chenye mashini 5 zinazofanya kazi saa 10 kwa siku. Tofauti ya wati 55 mara 5, mara saa 10, ni karibu kilowati-saa 2.75 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inapita 71 kwa mwezi. Hiyo ni tofauti tu, bado hatujahesabu skrini wala kadi za picha. Mwenye jenereta aigeuze mwenyewe kuwa litri za esanse.

Kwa mwenye betri ni wazi zaidi. Betri ya volti 12 yenye ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1 200, lakini ikiwa ni ile ya kawaida ya risasi haifai kuimaliza zaidi ya nusu kama unataka idumu. Inabaki 600. Mashini inayokula wati 250 inakupa saa mbili na nusu hivi. Ile inayokula 150 inakupa saa nne. Mteja wa ndoa anayengojea video yake Jumatatu asubuhi haelewi habari ya viini, anaelewa kwamba imeisha ao haijaisha.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna muuzaji analizungumza. Mashini nyingi za aina hii zinazofika hapa ni zile za ofisi kubwa, kama HP Z440 ao Dell Precision T5810. Boksi la umeme ndani yake, lile mafundi wanaita alimantasyo, lina umbo lake na plagi zake, haliuzwi kwenye kila duka. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa nguvu, na langu likaungua. Nilizunguka Nyawera yote hadi Kadutu. Kwa kompyuta ya kawaida ya mezani ningepata lingine siku ile ile. Kwa hii niliagiza kutoka nje na kungoja majuma matano, nikirudisha avansi za watu. Kuna pia zile Xeon zinazopandishwa kwenye kadi mama mpya kutoka China. Hizo zinakubali alimantasyo ya kawaida, ni kweli, lakini mara nyingi kadi mama hizo zimejengwa kwa chipu zilizotolewa kwenye mashini za zamani, na ubora wake ni bahati yako.

Kwa wenzangu wa montaji, niongeze hili. Video za simu na za kamera za leo zimebanwa sana, na kuzifungua ni kazi nzito. Core i5-12400 ina sehemu ya picha ndani yake inayofungua video hizo bila kuchosha viini. Xeon E5 haina sehemu hiyo kabisa. Kama kadi ya picha ni ya zamani, kama ile niliyouziwa, viini vinafanya kazi yote kwa nguvu na video inarukaruka unapoikata. Angalieni pia herufi ya mwisho: i5-12400F, yenye F, ni bei rahisi kidogo juu haina sehemu hiyo ya picha. Mwenye kununua kadi nzuri ya michezo anaweza kuchukua F. Mtu wa video achukue isiyo na F.

Habari ya Windows sitaizungusha: msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon za mwaka 2016 haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Mafundi wanailazimisha, na inaingia. Lakini mchezo kama Valorant, ukiwa juu ya Windows 11, unadai ulinzi wa TPM 2.0 ambao mashini nyingi za umri huo hazina.

Je, Xeon haina kazi? Hapana, inayo, na nisingependa mtu aitupe. Rafiki yangu anafundisha chuoni na anatengeneza ramani kwa picha zinazopigwa na droni, kuonyesha mahali udongo unaporomoka kwenye vilima vya mji. Mamia ya picha zinaunganishwa kuwa ramani moja. Kazi hiyo inagawanyika vizuri kwa viini vingi na inakula RAM bila haya. Pale Xeon inaonekana kweli: inapokea RAM kwa njia nne badala ya mbili, inavumilia kiasi ambacho i5, yenye kikomo cha giga 128, haiwezi kuota, na RAM za seva za mtumba ni bei ya chini. (Usizinunue kwa ajili ya kompyuta ya mezani, hazitawaka.) Mwenye kutengeneza picha za 3D kwa Blender usiku kucha, ao shule inayotaka mashini moja ihudumie darasa zima, nao wako mahali pao. Lakini hao wote wanahitaji umeme usiokatika.

Kwa chumba cha michezo, msimamo wangu ni huu: hata Core i3-12100F, yenye viini 4 tu, itaishinda ile Xeon katika michezo mingi, na feza inayobaki iende kwenye kadi ya picha. Asiyefikia hapo atafute kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye i5-8500 ya mwaka 2018, viini 6, wati 65, inayokubaliwa na Windows 11, aweke kadi ndogo isiyodai waya wa ziada. Nayo pia aifungue kwanza na kuangalia alimantasyo yake.

Na nawaomba wauzaji: andikeni mwaka wa prosesa kwenye tangazo, si hesabu ya viini peke yake. Mnunuzi naye aende dukani na fimbo ya USB yenye video yake mwenyewe, aikate pale pale mbele ya muuzaji, akiwa ameketi. Dakika kumi zinatosha. Mimi nilikaa dukani dakika tatu, nikiangalia taa.

Ile Xeon sasa iko kwa yule rafiki wa ramani. Alinilipa dola 200, na anaifurahia. Mimi natumia i5-12400, isiyo na F. Kwa mama mdogo nimebakiza malipo mawili.