Ilipangwa na Nani?

Kuna mwanadada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, ambaye ndoa yake ya pili imevunjika juzijuzi. Mashabiki walisubiri maelezo marefu kama ilivyo kawaida ya mjini: nani kakosea, nani kafumaniwa, nani kabaki na gari. Yeye akaandika maneno matatu tu: "Ilipangwa iwe hivi." Akaweka na picha ya jua linazama, basi.

Watu wakagawanyika palepale. Nusu wakamfariji, kila jambo na wakati wake, mipango ya Mungu haina makosa. Nusu nyingine wakamrukia: ulijitakia, uliambiwa ukaziba masikio. Mabishano yakaenda mpaka usiku wa manane, na ikawa kama mahakama yenye mashtaka mawili tu. Ama ni kudra, ama ni ujinga wa mwanadada.

Wanaomfahamu wanakumbuka kilichotangulia. Kabla ya harusi, mama yake mdogo alimkalisha chini akamwambia, "Mwanangu, huyo mwanaume ana mkono mwepesi." Mtalaka wa jamaa naye alipiga simu, bila matusi wala shobo, akaeleza yaliyomkuta. Na kibao kimoja kilishapigwa mbele za watu kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki, kikazimwa haraka kwa maua na simu mpya. Jibu la mwanadada wakati ule lilikuwa fupi: "Huyu ndo niliyeandikiwa."

Kwa hiyo Mungu aliitwa siku ya harusi awe shahidi, akaitwa tena siku ya talaka awe mshtakiwa. Katikati hapo, kwenye miezi minane ya uchumba iliyokuwa na nafasi tele ya kufikiri, hakuna aliyemuita.

Upande wa muziki nako yapo yaleyale. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, alipotoboa alizunguka redio zote na neno moja mdomoni: kujituma. Hajabebwa na mtu, halali, anapambana. Ni kweli, ila nusu. Hakusema kwamba prodyuza alimrekodi bure kwa kuwa mteja aliyelipia studio siku ile hakutokea. Hakusema kwamba wimbo ulishika baada ya MC mmoja kuupiga kwenye harusi ya mtu mzito, watu wakaanza kuulizana ni wa nani.

Miaka minne baadaye shoo zimekauka, gari limerudi kwa mwenyewe, na mahojiano yamebadilika. Sasa nyota imechukuliwa. Mjini kuna watu wabaya. Hela kidogo iliyobaki imeenda kwa mtaalamu wa kusafisha nyota. Mapromota waliotoa pesa ya kutangulizia wakaachwa jukwaani na mashabiki wenye hasira, hao hawatajwi. Nyimbo zilizorekodiwa kwa kulipualipua, nazo hazitajwi.

Hesabu ya namna hii inafanana na ya mwenye duka anayeandika faida kwenye daftari lake na hasara kwenye daftari la jirani. Nikipanda ni jitihada, nikishuka ni kudra. Na kwa wengine hesabu inageuzwa: akipanda yeye kabahatika au ana ndagu, akishuka ni uzembe wake. Si mastaa peke yao. Mwanafunzi akifaulu kasoma, akifeli mtihani ulikuwa na mkosi. Mama lishe akiuza sana ana mkono mzuri, akikosa wateja jirani kamwagia kitu mlangoni.

Hata hivyo, anayesema kudra haipo naye anajidanganya. Hakuna aliyechagua azaliwe Masaki au Mbagala, mama yake awe mwalimu au yatima, sauti yake iwe nyororo au ya kukwaruza. Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki, nchi iliingia kwenye maombolezo, burudani ikasimama, redio zikajaa nyimbo za msiba. Msanii aliyekuwa ameshalipia video, ukumbi na matangazo ya wimbo wa kuchezeka wiki ileile hakukosea kitu. Alijituma kama wenzake, kikamkuta kisichopigiwa hesabu. Kumwambia mtu huyo kwamba kila kitu ni maamuzi yake ni ukatili uliovaa suti.

Ukatili huo siku hizi una soko. Wahamasishaji wanajaza kumbi wakiuza tiketi kwa watu wasio na mtaji, wakiwaambia umaskini ni mawazo tu. Mgonjwa wa saratani anaambiwa hakuwa na fikra chanya. Mama aliyefiwa na mtoto anaulizwa alimpeleka hospitali saa ngapi. Kwa watu hawa, "ni mapenzi ya Mungu" si uvivu wa kufikiri. Ni shuka la kumfunika mtu aliyeachwa kwenye baridi. Ndiyo maana neno hilo linasemwa kwenye matanga, na ndiyo maana halipaswi kudharauliwa.

Tatizo ni kulitoa matangani na kulipeleka pasipo pake. Wazee wa pwani walisema jitihada haiondoi kudura. Ikisikilizwa vizuri, jitihada ndo imetangulia. Mtu kwanza anahangaika, kisha anakubali matokeo. Wazee haohao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawakuona kwamba wanajipinga. Misikitini kuna mafundisho ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Makanisani kuna habari ya mtumishi aliyefukia talanta ardhini akakemewa na bwana wake. Kote huko, kudra ni neno la kumalizia. Likiwa la kuanzia, linageuka kibali cha kutofanya kitu.

Na kibali hicho kina gharama. Wa kwanza kuonyesha ni bodaboda. Dada ametoka saluni, wigi limekaa vizuri, dereva anamnyooshea helmeti. Anaikataa. Inanuka, itaharibu nywele, na isitoshe siku ikifika imefika. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 40 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Yaani lori lililokosa breki linaweza kuwa ajali isiyotabirika, lakini nani atainuka na nani hatainuka, sehemu yake inaamuliwa pale kituoni, kabla ya safari kuanza.

Mfano wa pili uko kwenye harusi zenyewe. Kamati inakaa wiki kumi na mbili. Kuna bajeti ya ukumbi, keki, mapambo, MC, mpiga picha, na sare za kamati. Kipimo cha damu cha kujua kama maharusi wana vinasaba vya selimundu hakipo kwenye orodha, na anayekitaja anaonekana analeta mkosi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa na ugonjwa huo. Mtu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja kwa kawaida ni mzima kabisa, anacheza mpira na hajijui. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kila ujauzito, yaani hesabu inaanza upya kila mara, si kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Hapo kudra na uamuzi vinaonekana vimekaa meza moja. Hakuna aliyechagua vinasaba vyake, wala hakuna anayeweza kuamuru mtoto arithi kipi. Hiyo ni kudra na haina mjadala. Ila kujua au kutojua ni uamuzi. Wawili wakishajua wanaweza kuachana, wanaweza kuoana na kujiandaa kumhudumia mtoto mapema, na hakuna mtu wa kuwachagulia. Lakini wale wanaosema "tumuachie Mungu" wakati hawajapima, wanamuachia Mungu kazi ambayo maabara ingeifanya kwa tone la damu.

Mfano wa tatu ndo unaorudisha kwa mwanadada wa Bongo Movie, na hapo lugha yenyewe inahusika. "Ilipangwa." Kiswahili kinaruhusu sentensi hiyo isimame bila mtendaji. Ilipangwa, iliandikwa, imetokea. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyeandika, hakuna aliyefanya. Ni sentensi nzuri kwa mvua na kwa msiba. Kwa kipigo ni sentensi mbaya, kwa kuwa mkono unaoshuka kwenye shavu la mtu una mwenyewe. Mwenyewe huyo ana jina, ana akili timamu, na akiwa mbele ya bosi wake hampigi hata akitukanwa. Kujizuia anaweza. Nyumbani kachagua kutojizuia.

Basi turudi kwenye yale mabishano ya usiku wa manane. Waliofariji walisema ni Mungu. Walioshambulia walisema ni yeye. Mamia ya watu walibishana kuhusu nani kapanga, na mwanaume aliyepiga hakutajwa na upande wowote. Wiki hiyohiyo alionekana kwenye hafla, koti jeupe, anapiga picha na watu wanaomchekea. Kudra imembeba. Na "ulijitakia" nayo imembeba, maana ikishasemwa hivyo kosa linakuwa la aliyepigwa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina utata hapa: hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko wala kipigo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mashauri kama haya. Kulifikia dawati hilo si jambo jepesi, na anayesema "si angeondoka tu" hajawahi kuhesabu ada za watoto, kodi ya nyumba, na aibu ya kurudi kwa wazazi na mabegi mara ya pili. Hiari ya mtu haina ukubwa uleule kila mahali. Mwenye hela, ndugu wanaomsikiliza na mlango wa kukimbilia ana hiari pana. Asiye na vitu hivyo ana hiari kama dirisha la choo. Ni ndogo, lakini hewa inapita.

Ndiyo maana kazi ya majirani, mashoga na mama wadogo si kutoa hukumu kwamba ni kudra au ni kujitakia. Kazi yao ni kulipanua lile dirisha. Mama mdogo alisema yake kabla ya harusi, hakusikilizwa. Baada ya kibao cha kwanza ndani ya ndoa, mwanadada alimpigia tena, akajibiwa, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, ndiyo yako uliyoandikiwa." Mtu mmoja, ndani ya mwaka mmoja, alitoa onyo la kweli kisha akalifunika kwa neno lilelile. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Aliogopa maneno ya watu, na neno kudra lilikuwa karibu.

Mwanadada ana mdogo wake wa kike, anasoma chuo, ana mchumba. Huyo ndiye hasa anayeisoma ile posti ya jua linazama kwa makini kuliko mashabiki wote. Akiamini kwamba yaliyompata dada yake yalipangwa, hakuna cha kujifunza, kwa kuwa kilichopangwa hakikwepeki. Akiamini kwamba dada yake alijitakia, atajiona yeye ni mjanja zaidi, na siku ya kibao chake atanyamaza kwa aibu. Lakini akiambiwa ukweli ulivyo, kwamba dalili zilikuwepo, simu ilipigwa, aliyepiga alichagua kupiga, aliyepigwa alichelewa kuondoka kwa sababu zinazoeleweka, na mwisho aliondoka, basi ana kitu cha kushika mkononi.

Hilo la mwisho, ajabu, mwanadada mwenyewe amelisahau. Alfajiri moja alipanga nguo kwenye mabegi mawili, akambeba mtoto akiwa bado amelala, akaita bajaji. Hakuna nyota iliyomfungulia geti wala mwandiko uliompakia mabegi. Ndoa ile ilikuwa na mambo mengi ambayo hakuyapanga yeye. Kutoka, alikupanga mwenyewe. Posti yenye haki ingekuwa hiyo.