Bibi hapandi ndege

Katika nyumba moja ya Ijuganyondo, safari ya Desemba kwenda Dar es Salaam nusura ife kabla ya kupangwa. Baba alitaka ndege. Bibi, ambaye hajamwona kitukuu aliyezaliwa huko, akasema hapandi. MV Bukoba ilimchukulia dada yake tarehe 21 Mei 1996, na ndege iliyoanguka ziwani hapo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, ilimmalizia kabisa. Meli ya Mwanza asitajiwe.

Ikabaki nchi kavu. Reli haifiki Bukoba, hivyo mama watoto akapanga kuanzia mwisho: treni ya umeme ya Dodoma, iliyoanza kubeba abiria hadi Dar Julai 2024. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Saa nne hivi, mmefika. Kazi ni basi: kutoka alfajiri, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma usiku. Wengi hukosea hapo, wakitaka kuunganisha bila kupumzika. Mama watoto alisema watalala Dodoma na kupanda treni ya mchana, bibi anyooshe miguu. Pesa ya gesti ilimuuma baba. Akapiga hesabu ya ndege kwa watu watano, akanyamaza.

Tiketi za Desemba hugombaniwa, basi wanakata mapema. Bibi ameshafunga kitambulisho kwenye pindo la khanga. Sasa anauliza kama senene wanaruhusiwa ndani ya treni.