Lisemwalo Lipo?

Huku Kibaha na Kisarawe, kama pwani nzima, hakuna haja ya kumfasiria mtu neno mumiani. Wazee kwa watoto wamesikia habari za hao wasemwao kuwa huwakamata watu na kuwanyonya damu, ifanywe dawa. Nao wasimuliao, wakiulizwa ushahidi, hujibu kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Methali hii twaipinga. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza ya kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyoletwa kutoka Uajemi, watu wakatibia mifupa iliyovunjika. Tena yaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu. Basi kilichokuwapo ni dawa. Damu ilitiwa na wasemaji.

Lakini wako wasomi wenzetu wacheka, wakisema, "Huo ni ujinga wa washamba." Hao nao twawapinga. Bibi Luise White, mwanahistoria wa Marekani, aliwauliza wazee wa Kenya na Uganda habari za wazimamoto walioshukiwa kunyonya damu, akatoa kitabu mwaka 2000. Hakuwacheka. Alionyesha ya kuwa ndani ya hadithi hizo watu walisema juu ya mambo waliyoyaona kweli: motokaa, dawa, na kazi za wakoloni ambazo maana yake hawakuelezwa.

Hata hivyo, sababu ya kuamini si ushahidi wa jambo. Mwaka 1905 habari za maji ya Kinjikitile zilifika Uzaramo. Watu walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini risasi haikugeuka maji. Na katika siku zetu, Julai 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini, uvumi ya kwamba chanjo yaua uzazi ulikuwa umekwisha kutangulia. Aliyeogopa alikuwa na swali. Aliyemcheka hakumjibu, na aliyeeneza uvumi alimdhulumu.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye mambo mawili. Mtu akituletea uvumi, tumwulize: Umeona, au umesikia? Na sisi walimu, pamoja na waganga wa hospitali, tukiulizwa sindano hii ina nini, tujibu kwa subira, hata mara ya kumi. Amri ya Mungu yakataza ushahidi wa uongo. Wala haikuuruhusu kwa kuwa umesemwa na wengi.